Eda ya Watu Wawili

Tulikuwa watano katika jambo hili, na nitawataja wote kabla sijaanza, maana nimeona watu wakisimulia mambo ya zamani na msikilizaji anabaki kuuliza, "Huyo naye ni nani?" Alikuwepo mama yetu, ambaye baba alikuwa amemwacha mjane. Alikuwepo shangazi, dada yake baba, mkubwa kwa baba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa soko. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, mwenye habari hii. Alikuwepo jirani yetu, mama wa Kijaluo, muuza samaki wa kukausha pale soko la Kibuye, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja. Na mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa nimeolewa mtaa wa pili nikarudi kumkalia mama. Wengine walikuja wakaenda, nitawaeleza watakapofika mlangoni.

Majina yote ninayo, na ya baba zao ninayo. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia, "Dada, andika, lakini majina yaache, watu wana wajukuu." Basi nimeyaacha, ingawa yananiwasha ulimini.

Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi hapo mjini Kisumu. Alifariki miaka ya tisini katikati, wakati magugu yalipokuwa yamelifunika ziwa ukadhani ni shamba la mtu. Tulimzika siku ile ile kama ilivyo kwetu Waislamu, na mdogo wangu, aliyekuwa mpishi wa hoteli Mombasa, akafika kesho yake na basi. Tulikuwa hatujamwona miaka. Aliondoka kwetu na mashavu, akarudi na shati tu. Shangazi alimkumbatia, akanigeukia akasema, "Nimekumbatia kamba ya kuanikia nguo."

Tukadhani ni huzuni. Siku ya pili alikuwa anapiga miayo kama mtu ambaye hajalala mwaka mzima, na kamasi, na machozi yasiyo ya kilio. Siku ya matanga kwisha alitapika uani mbele ya wageni. Jirani yetu akaja kumtazama, akamshika paji la uso.

"Hii ni malaria ya pwani," akasema. "Hiyo iko na nguvu kuliko yetu."

Tukampa dawa ya malaria. Akaitapika pia.

Mama ndiye aliyejua, na alijua kwa sababu ya uzi. Alichukua kofia ya mdogo wangu aifue, ile kofia nyeupe ambayo baba alimshonea alipokuwa anaondoka kwenda pwani. Akaipapasa pindo. Mke wa fundi cherehani, hata kama hashoni, anajua mkono wa mumewe. Akaniita. "Njoo ushike hapa. Hili pindo hakulishona baba yako." Akachukua sindano, akafumua taratibu, na ndani yake tukakuta kijikaratasi kilichokunjwa kidogo kama hirizi. Alipokifungua kulikuwa na unga wa rangi ya udongo.

Sisi wa Kisumu bangi tuliijua, hakuna asiyeijua. Hiki kitu kingine tulikuwa tukikisikia redioni tu. Siku hizo ilikuwa imetoka sheria mpya, kali, na redio haikuchoka kuirudia. Mtu akishikwa na hicho kitu, hata kidogo cha kujaza ukucha, anakwenda jela miaka ambayo mama yake hataiona ikiisha. Na nyumba kilimoshikwa, wenye nyumba pia wana maneno ya kujibu. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka na kile kijikaratasi kiganjani, na nikaona anakihesabu kwa miaka ya jela, siyo kwa ukubwa wake.

Akamwita. Mdogo wangu akaja, akaona kofia imefumuliwa, akakaa chini.

"Baba," mama akamwambia, maana ndivyo alivyokuwa akimwita tangu utotoni, "hii ni nini?"

"Ni unga, Mama. Wa kuvuta."

"Unavutia nini?"

"Zamani raha. Raha iliisha mapema. Sasa navuta nisiumwe."

Shangazi alisimama, akakichukua kile kijikaratasi kwa ncha za vidole viwili, akaenda nacho chooni, akakitumbukiza, akamwaga ndoo nzima ya maji juu yake, kisha akanawa mikono kwa sabuni kama aliyeshika panya.

Sasa tufanye nini? Hospitali tuliogopa, tulidhani wataita polisi. Polisi usiseme. Kumwambia imamu ni kumwambia mke wa imamu, na mke wa imamu ni kama redio nyingine. Kumrudisha Mombasa ni kumpeleka kwenye chungu chenyewe. Mama akasema, "Mimi siwezi kutoka nyumba hii mpaka eda yangu iishe. Na yeye hatatoka. Tutakaa wawili."

"Eda ya mwanamume!" shangazi akasema. "Umeisikia wapi?"

"Sijaisikia."

"Na dini inasemaje?"

"Sikusema ni dini. Nimesema ni nyumba yangu."

Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajifukizi, hajipaki manukato, na wanaume wasio wa damu yake hawaingii alimo. Mjane huyo sisi humwita kizuka. Babu zetu walitoka pwani na misafara, wakaoa huku, wakasahau mengi, lakini eda hawakuisahau. Kioo cha nyumba kiligeuzwa kikatazama ukuta. Basi mdogo wangu naye akawekwa katika sheria zile zile. Shangazi akamnyang'anya suruali zote akazifungia kwenye sanduku la chuma, akampa leso ya mama, nyekundu, yenye maua makubwa kama sahani.

"Shangazi, hii mimi sivai."

"Kaa uchi basi. Lakini mtu aliyevaa hiyo hafiki stendi ya basi."

Sitapunguza chumvi katika siku zilizofuata, zilikuwa mbaya. Wenyewe huko pwani huita arosto, hiyo hali ya mwili kudai. Alisema mifupa inakamuliwa kama nguo inayofuliwa na watu wawili, mmoja anasokota huku na mwingine kule. Alisikia baridi akiwa anatoka jasho. Vinyweleo vilisimama kama vya kuku aliyenyonyolewa. Hakulala, miguu ilikuwa inapiga teke yenyewe. Alituomba, akatulilia, kisha akatutukana. Alimwambia shangazi maneno ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuambiwa katika nyumba ile. Shangazi akayasikiliza yote mpaka mwisho, akasema, "Umemaliza? Hayo ya mwisho hata baba yako aliniambia, tena kwa ufasaha zaidi. Kunywa uji."

Mama hakuwa na maneno mengi. Alikaa karibu yake na tasbihi, akimkanda miguu kwa mafuta ya nazi, na alipotapika alimfuta. Nadhani, na hili ni langu, kwamba ile kazi ilimshika mama asizame katika kufiwa. Alikuwa na mtu wa kumwambia "pole" badala ya yeye kuambiwa tu.

Dalili ya kwanza ya kupona ilikuwa matusi ya aina nyingine. Jirani alikuwa ameanika samaki wake juu ya mkeka upande wa dirisha letu, kama kila siku. Mdogo wangu, ambaye tangu afike hakuwa akinusa kitu wala kuonja kitu, akainua kichwa.

"Nani ameoza huko nje?"

Jirani akasikia. "Yawa! Nani anasema samaki yangu imeoza? Hii samaki imesomesha watoto mpaka sekondari!"

Shangazi akatoka mbio, akamshika jirani mikono, akacheza naye pale uani. "Ananusa! Jirani, ananusa!"

"Ananusa nini? Ananitukana!"

"Ndiyo! Ananusa!"

Jirani alituona wendawazimu, lakini siku hiyo hiyo akatuletea samaki mmoja mkavu, mkubwa, wa kumziba mdomo yule mtukanaji. Mdogo wangu akaomba kisu. Shangazi akamkatalia kisu, akamkatia yeye nyanya na vitunguu kama alivyoelekezwa, na yule mpishi wa hoteli akakaa na leso yake ya maua akiamuru kama jenerali. "Siyo hivyo, Shangazi, unakata kuni?" Alipika mchuzi akala sahani nzima, na safari hii chakula kikakaa tumboni.

Sasa kosa la jirani. Huyu mama alikuwa ametusikia kupitia ukutani tukisema eda, eda, eda ya wawili. Yeye hakuwa Mwislamu. Akaelewa kwamba kwetu sisi, baba akifa, mtoto wa kiume mkubwa hukaa eda pamoja na mama yake. Wala hakutuuliza, maana alihisi kuuliza desturi ya watu wenye msiba ni utovu wa adabu. Akalipeleka hilo Kibuye, na Jumapili soko zima lilikuwa linajua. Nilipita kununua mboga, mama mmoja wa Ahero aliyekuwa akiuza mchele akanishika mkono. "Nasikia ndugu yako anakaa ndani kwa ajili ya baba. Na ni kijana! Wetu hata kaburi la baba yao hawafagii." Akanipimia mchele, akaongeza kiganja, akaongeza kingine.

Nilirudi nikamwambia mama. Nilidhani atakasirika. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akajifunika uso na leso, aibu ya mjane kucheka. "Mwache," akasema. "Uongo ambao hatukuusema sisi, hatuna kazi ya kuusahihisha."

Na kweli ulitusaidia. Hakuna aliyeuliza mbona kijana haonekani. Vijana wa mtaa walipita wakipaza sauti, "Pole, kizuka!" naye akawajibu dirishani kwa maneno ya pwani ambayo hawakuyaelewa.

Ndipo akaja rafiki yake mmoja wa Mombasa. Miwani ya jua, viatu vyeupe katika vumbi letu, na maneno matamu. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele.

"Shikamoo, Shangazi. Nimekuja kumpa pole ndugu yangu."

"Marahaba. Mpe kwa mdomo hapo hapo, atasikia."

"Ningependa tuonane uso kwa uso."

"Ndani kuna kizuka."

"Nitapita upande tu."

"Upande gani, mwanangu? Nyumba ina chumba kimoja na nusu, na nusu nimeikalia mimi."

Kijana akacheka, akatoa pakiti ya sigara mfukoni. "Basi nisaidie umpe hii zawadi."

"Nyumba ya eda haiingii manukato."

"Hii siyo manukato, Shangazi."

"Nimeinusa kutoka hapa nilipo. Nenda nayo."

Ndani, mdogo wangu alikuwa ameisikia ile sauti. Nilimwona akiinuka, akashika ile leso kiunoni, akautazama mlango. Mama hakumshika. Alisema tu, "Baba, mimi pia ningependa kutoka." Akakaa chini tena, akiuma kidole. Nilikuwa nimesimama kati yake na mlango na sijui, kama angekuja, ningemfanya nini. Alikuwa tayari amenenepa kidogo, na nguvu zimemrudia.

Haikupita wiki, askari akaja. Yule wa viatu vyeupe alikuwa ameshikwa stendi na mzigo wake, akatapika majina, na nyumba yetu ikawemo. Askari alikuwa mmoja, nguo zimepigwa pasi mpaka zinakata, na mguu wake wa kuume ulikuwa umeshavuka kizingiti.

"Mama, tuna habari kuna mtu hapa ana madawa. Nataka kupekua."

Shangazi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti haikutoka. Tulijua kile cha kwenye kofia kilikwenda chooni, lakini je, kama kiko kingine? Jibu likatoka kwenye mkeka wa samaki.

"Afande, wewe ni mtu wa wapi?" jirani akauliza.

"Nyakach."

"Nyakach gani?"

"Karibu na Pap Onditi. Kwani kuna nini?"

"Na mama yako huko Pap Onditi ndiye alikufundisha kuingia kwa chi liel kabla hajatolewa?"

Chi liel kwa lugha yao ni mjane. Na kwao pia mjane ana miiko yake. Kabla hajatakaswa, mtu wa nje haingii kwake ovyo, akiingia atabeba kitu asichokijua kwenda nacho kwa watoto wake. Askari akatazama kiatu chake kilichokuwa ndani. Akakivuta nje, taratibu, kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine.

"Na huyo kijana?"

"Yeye pia amekaa. Kwa hawa watu mtoto anakaa na mama yake. Uliza Kibuye yote."

"Hatoki?"

"Hajatoka hata kununua kiberiti."

Askari akafikiri. "Sasa kama hatoki, hayo madawa anauza na nani?"

"Si ndiyo mimi nakuuliza wewe mwenye kofia?"

Askari akajaribu kutocheka, akashindwa. "Wakitolewa, nitakuja," akasema.

"Njoo ule!" Sauti ya shangazi ilikuwa imerudi, na nyumba ya tatu waliisikia.

Alipokwisha kwenda, tulikaa tukicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alipanda juu ya kiti, akaingiza mkono pale ukuta unapokutana na bati, akatoa kijikaratasi kingine, akamwekea mama mapajani.

"Hicho kilikuwa hapo tangu nilipofika," akasema.

"Na hukukigusa? Hata zile siku mbaya?" nikamwuliza.

"Zile siku mbaya sikuweza kupanda kiti. Nilipoweza, nikawa nasema kesho. Nilikuwa nataka tu kujua kipo. Nikijua kipo, nalala." Akamgeukia mama. "Askari angekipata, Mama, angekuchukua na wewe."

Mama hakumgombeza. Alitaka kukitupa kwenye jiko lililokuwa linawaka, shangazi akamrukia. "Usichome! Unataka tuvute wote?" Kikaenda chooni kama mwenzake. Safari hii mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyemwaga ndoo, na usiku huo hakulala, wala usiku uliofuata. Lakini hakuna aliyemwekea mtu wa kumchunga mlangoni tena.

Eda ikaisha. Shangazi alikuwa ameshikilia neno la bibi yake, kwamba kizuka hutolewa baharini. "Bahari hatuna, ziwa tunalo," akasema. Tukaondoka asubuhi na mapema, mama katikati, jirani amebeba nguo mpya, na mdogo wangu nyuma, kwa mara ya kwanza amevaa suruali yake, ambayo sasa ilikuwa inambana. Tulipofika ufukoni, maji hayakuwepo. Ilikuwa majani matupu, kijani na maua ya zambarau, mpaka unapoishia kuona.

"Tumuogeshe kwa saladi?" jirani akauliza.

Mdogo wangu akaazima panga kwa wavuvi, akakunja suruali, akaingia. Alikata na kusukuma, kukata na kusukuma, akitukana yale magugu kwa Kiswahili cha Mombasa, mpaka akafungua kidimbwi cha kumtosha mtu mmoja. Kisha kwa heshima akaondoka, maana si mahali pa mwanamume, akapanda juu barabarani kutusubiri.

Mama alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, sisi watatu tumemzunguka na leso, ndipo shangazi akasimama na kata mkononi. "Na yule mwingine," akasema, "nani anamlinda?"

Tukatazamana. Barabara ile inakwenda mjini, na mjini kuna stendi. Sote tulikuwa tumelowa, hakuna wa kukimbia.

"Niogesheni," mama akasema. "Vizuri, msiharakishe."

Tukamwogesha. Sijawahi kuona kuoga kulikokuwa kurefu hivyo. Tukamvisha, tukamfukiza udi kidogo ambao shangazi aliuficha kwenye mkebe, tukapanda barabarani. Hakuwepo. Jirani akasema, "Nyasaye," yaani Mungu. Mama akakaza leso yake mpya akatazama upande wa mjini, macho makavu.

"Mbona mmekawia hivyo?" sauti ikatoka nyuma yetu, kule kule ziwani, nyuma ya matete yaliyotukinga. Wale wavuvi wenye panga walikuwa wamekwama na mtumbwi katika magugu, na mdogo wangu alikuwa ndani ya tope mpaka kiunoni pamoja nao, anasukuma, suruali imepasuka nyuma. "Hawa wameniazima panga, nikawaazima mgongo. Dada, unayo sindano?"

Shangazi alimtukana kutoka pale mpaka nyumbani. Yalikuwa matusi matamu sana.

Mchana alipika pilau uani, sufuria kubwa ya kuazima, na Kibuye nzima ikaja kuwatoa "vizuka wawili". Askari alikuja bila kofia, akala, akaomba tena. Yule mama wa mchele alikuja kutoka Ahero na kijana mkubwa nyuma yake, ananuka pombe ya chang'aa. "Baba yake huyu yuko hai," akamwambia mama, "lakini naomba mumkalishe pia." Mama akamtazama yule kijana juu mpaka chini. "Shangazi," akasema, "ile leso iko wapi?"

Sitasema kwamba mambo yaliishia hapo. Mwaka uliofuata mdogo wangu alikwenda Mombasa kuchukua vyombo vyake, akaanguka tena. Lakini alirudi mwenyewe, hakuna aliyemfuata. Alisimama mlangoni akiwa shati tu kama ile mara ya kwanza, akasema, "Shangazi, nifungie."

"Safari hii ndani hakuna kizuka."

"Nipo mimi."

Akaingia, akakigeuza kioo ukutani mwenyewe, akavua suruali akamkabidhi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Leo ana mvi, anapika harusi za mjini, na bado anasema mchuzi wangu hauna chumvi.

Mimi nimeandika nilivyoona. Yeye anashikilia kwamba leso ilikuwa ya bluu, na kwamba kile cha pili alikitoa darini kabla askari hajafika, siyo baada. Mimi nasema nyekundu, na nasema baada, nilikuwa nimekishika kile kiti asianguke. Jirani hayupo tena wa kutuamua, na shangazi hayupo. Kama ulikuwa Kibuye siku hizo, au ulikula ile pilau, na unakumbuka vingine, njoo unisahihishe. Mlango ni ule ule, na siku hizi wanaume wanaingia.